Daftari Lisilo na Wino Mwekundu

Daftari langu la kwanza la sarufi ya Kiingereza bado ninalo. Panya walikula kona moja ya jalada, lakini kurasa zimebaki. Ukilifungua utaona kazi ya wiki sita: sentensi ndefu zimekatwa vipande na kupangwa kwenye safu nilizochora kwa rula. Chini ya kila zoezi kuna alama kwa wino wa buluu, kumi juu ya kumi, kumi juu ya kumi, ukurasa baada ya ukurasa. Wino mwekundu, ambao ulikuwa wa makosa, haumo.

Katika wiki hizo sita hapakuwa na mtu mwenye furaha kunishinda katika chuo kile cha ualimu, upande wa Nyamira. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na minane. Nilitembea kutoka darasani hadi bwenini nikisema sentensi za Kiingereza kwa sauti ya chini, na mpishi wa chuo aliwahi kuniuliza kwa Kiswahili kama nilikuwa na deni na mtu.

Lazima nieleze nilivyofika pale. Baba alifariki kwanza, na mama akamfuata kabla mahindi ya msimu uliofuata hayajakauka. Nilikuwa darasa la saba. Nyuma yangu kulikuwa na mdogo wangu wa kiume na dada zetu wawili, wa mwisho akiwa bado wa kubebwa mgongoni. Siku ya kumaliza matanga wajomba na baba wadogo walikaa uani kwetu karibu na Masimba, wakaanza kuulizana nani angemchukua nani. Nikasimama nikasema watoto hawatagawanywa. Sijui nilipata wapi sauti. Mmoja wao akasema, "Basi wewe ndiye mwenye mji." Kesho yake sikurudi shuleni. Nilichukua jembe.

Tangu siku hiyo mdogo wangu aliniita tata, yaani baba. Sikumwambia aniite hivyo. Na pamoja na jina hilo akachukua mambo yote yanayofuatana nalo. Aliacha kunitania. Hakuketi tena kitandani kwangu. Nikishuka mtoni kuoga, yeye alingoja mpaka nirudi. Kwetu heshima hiyo kati ya mzazi na mtoto huitwa ensoni, na si jambo la kufundishwa kwa maneno. Mtoto hamtanii baba, hamwangalii usoni akimjibu, na hamwambii amekosea. Nilikuwa nimemzidi miaka saba tu, lakini alinipa ensoni yote, bila kupunguza.

Baada ya uhuru shule zilifunguliwa kila kilima, na walimu hawakutosha. Aliyeweza kushika chaki alishikishwa. Nikawa mwalimu asiye na cheti katika shule ya kijijini. Baadaye nilifanya mtihani wa darasa la saba nikiwa nimeketi nyuma ya wanafunzi niliowafundisha mwenyewe, nikafaulu, nikaomba nafasi ya chuo. Mdogo wangu wakati huo alikuwa amemaliza kidato cha nne. Barua zetu mbili za kuitwa chuoni zilifika siku moja, katika duka la Masimba lililokuwa na sanduku la posta. Chuo kilikuwa kimoja.

Mwaka wa kwanza ulikuwa wa jinsi ya kufundisha hesabu, usafi na kilimo. Sarufi ya juu ya Kiingereza ilingoja mwaka wa pili, mwaka wa mtihani wa serikali. Mwalimu wa somo hilo alikuwa mmoja, basi sisi tuliotoka shule ya msingi na wale wa kidato cha nne tuliwekwa katika ukumbi mmoja.

Mwalimu huyo alikuwa binti wa Kihindi kutoka mji wa Kisii. Baba yake aliuza vitambaa, misumari na madaftari, na binti alikua nyuma ya kaunta, akijua Ekegusii chetu cha kuhesabu, cha kupatana bei na cha kuwafukuza watoto mlangoni. Zaidi ya hapo hakukijua. Alivaa sari na viatu vya raba kwa sababu ya matope, na aliandika ubaoni upesi kama mtu anayeandika risiti.

Siku ya kwanza aliandika sentensi moja iliyojaza ubao mzima. Ilikuwa na mkulima, na ng'ombe aliyenunuliwa mnada uliopita, na mvua iliyonyesha kabla mnada haujaisha, na jirani ambaye alikuwa ameonya. Hatukujua hata ilikuwa inasema nini. Akashika kitambaa, akaanza kufuta. Alifuta jirani pamoja na onyo lake. Alifuta mvua. Alifuta mnada. Kila alipofuta aliuliza, "Bado inasimama?" nasi tukasoma kilichobaki, na kweli ilikuwa bado inasimama. Mwishowe ubao mzima ulikuwa mtupu isipokuwa maneno mawili katikati: mkulima na kitenzi chake.

"Haya ndiyo sentensi," alisema. "Yale mengine yote yalikuwa yameegemea hapa."

Mwili ulinisisimka. Kwa miaka sita nilikuwa nimefundisha watoto Kiingereza kama mtu anayegawa mawe: chukua neno hili, weka pale, chukua lile. Sasa niliona kumbe ni mji. Kuna nyumba kubwa, na kuna vibanda vilivyoegemea nyumba kubwa, na kuna ghala lililoegemea kibanda. Kila kipande chenye kitenzi chake aliita kishazi. Kile kinachoweza kusimama peke yake ni kishazi kikuu, na vingine ni tegemezi. Nilipoandika neno hilo, tegemezi, niliwakumbuka watatu wangu nikatabasamu peke yangu kwenye dawati.

Ugonjwa ulinishika hapo. Sukari ya dukani ilifungwa kwa karatasi za magazeti ya zamani, nami nikawa nazikusanya kutoka jikoni, nazinyoosha, natafuta sentensi ndefu. Habari za waziri kufungua daraja, habari za bei ya kahawa, yote yalikuwa chakula. Niligundua kwamba Kiingereza kina namna ya kusema jambo lililokwisha kabla ya jambo jingine lililokwisha, na nikafurahi, kwa sababu Ekegusii nacho kinatofautisha la leo asubuhi na la jana na la zamani, na nilikuwa nikidhani sisi peke yetu ndio wenye hesabu hiyo. Jumamosi, kwa kuwa sisi ni Waadventista, hapakuwa na kitabu wala kalamu. Nilikaa kanisani nikimsikiliza mhubiri, na kabla sijajizuia nilikuwa nimeshaikata sentensi yake vipande vinne. Niliomba msamaha kimoyomoyo. Nadhani nilisamehewa, kwa sababu nilirudia kila Sabato.

Sasa kuhusu usahihishaji. Tulikuwa sabini na zaidi, na mwalimu hangeweza kusoma madaftari yote kila wiki. Utaratibu wake ulikuwa huu: asubuhi ya Ijumaa anaandika majibu ubaoni, kila mtu anabadilishana daftari na jirani yake katika rejista, na jirani anasahihisha kwa kalamu nyekundu. Rejista ilipangwa kwa jina la baba. Baba yetu alikuwa mmoja. Kwa hiyo aliyenisahihisha kila Ijumaa alikuwa mdogo wangu.

Nilimsahihisha bila shida. Alikuwa hodari, makosa yake yalikuwa mawili au matatu, nami niliyazungushia mduara kama nilivyofanya alipokuwa darasa la nne nikimfundisha jikoni. Yeye aliinamia daftari langu kwa muda mrefu, akalirudisha kwa mikono miwili, na ndani yake kulikuwa na kumi juu ya kumi. Niliona majibu ya ubaoni hayafanani sana na yangu, lakini mwalimu alikuwa amesema sentensi moja inaweza kuchanganuliwa kwa njia zaidi ya moja, na mimi nikaamini zangu ndizo hizo njia zaidi ya moja. Niliwaandikia dada zetu kwamba Kiingereza kimenikubali.

Wiki ya saba mwalimu alitupa jaribio, akasahihisha mwenyewe. Nilipata kumi na nne juu ya hamsini.

Aliniita ofisini. Daftari langu na karatasi ya jaribio vilikuwa mezani, kimoja kando ya kingine.

"Hivi viwili vimeandikwa na mtu mmoja?" aliuliza.

"Ndiyo, madam."

"Daftari linasema hujawahi kukosea tangu uzaliwe. Karatasi inasema hujawahi kuingia darasani mwangu. Nimwamini nani?"

Alifungua rejista, akaona majina yalivyofuatana, akaniuliza kama ni ndugu. Nikasema ndiyo. Hapo nikaona anachofikiri: kwamba tumepanga.

"Mwisho wa muhula huu nitapeleka majina ya watakaofanya mtihani wa serikali," alisema. "Aliye chini ya nusu simpeleki. Una wiki saba."

Nilijua maana yake. Bila karatasi ya Kiingereza hakuna cheti. Na mwalimu mkuu wa shule yangu alikuwa ameshaniambia, kwa upole, kwamba nafasi yangu imewekwa kwa mwenye cheti, na kama si mimi ni mwingine. Ningerudi kwenye jembe nikiwa na miaka ishirini na minane, na dada zetu hawajamaliza shule.

Nilimkuta mdogo wangu nyuma ya tangi la maji, akifua shati. Aliponiona alisimama, mikono ikidondosha povu.

"Daftari langu," nilisema. "Ulikuwa unaona makosa?"

Aliangalia chini. "Niliyaona, tata."

"Yote?"

"Yote."

"Na kalamu nyekundu ulikuwa nayo?"

"Nilikuwa nayo. Mkono ulikataa." Alifuta povu kwenye suruali. "Ningekuchoraje, tata? Mbele ya watu sabini? Wewe ndiye uliyenishika mkono nikaandika herufi ya kwanza."

Nilitaka kukasirika, nikashindwa, kwa sababu nilijua angefanya kosa hilohilo mtoto yeyote wa kwetu aliyelelewa vizuri. Kisha akaingia bwenini, akarudi na bahasha ya kaki. Ndani yake kulikuwa na karatasi sita, moja kwa kila Ijumaa. Alikuwa ameandika makosa yangu yote, kila moja na namba yake, na chini yake maelezo marefu kwa nini ni kosa, kwa mwandiko safi. Alikuwa amefanya kazi mara mbili ya yule anayesahihisha kwa haki, halafu akaificha chini ya nguo zake.

"Ulikuwa utanipa lini?"

"Sikujua, tata. Nilikuwa nangoja njia."

Nilimwamuru. Nilisema kuanzia Ijumaa achore, na ni amri. Alikubali. Ijumaa daftari lilirudi na nukta nne za penseli, nyepesi hivi kwamba ilinibidi niligeuze kwenye dirisha kuziona. Jumapili tukajaribu kuketi pamoja anieleze zile karatasi. Tulikaa kwenye benchi moja, yeye ameangalia mlango, mimi nimeangalia ukuta. Alianza, "Hapa, kama tata angependa, labda," kisha akanyamaza. Nami nilikuwa na joto masikioni kana kwamba nimekutwa naoga. Amri yangu haikuwa na nguvu hata kwangu mwenyewe. Tuliinuka tukaagana kwa heshima kubwa.

Aliyetuokoa alikuwa nyanya yetu, naye alikuwa na miaka ishirini na mmoja.

Nieleze hilo pia. Katika ukumbi wetu kulikuwa na msichana wa ukoo wetu, aliyezaliwa na mke wa mwisho wa mzee mmoja mkongwe sana. Mzee huyo alikuwa ndugu wa baba wa babu yetu. Kwa hesabu ya ukoo, basi, yule msichana alikuwa dada ya babu yetu, na sisi tulimwita magokoro, nyanya, na yeye alituita wajukuu bila kucheka. Na kati ya nyanya na mjukuu hakuna ensoni. Nyanya anaweza kukutania, kukusema vibaya, kukuambia una miguu ya korongo, na wewe unamrudishia. Ndiyo raha ya kuwa na nyanya. Huyu alitumia haki yake kila siku kwenye foleni ya uji: "Msukumeni mbele mjukuu wangu huyu mzee, meno yake yatang'oka kabla hajafika."

Alhamisi moja, zamu yetu ya kuchuma chai katika shamba la chuo, nilikuwa naye mstari mmoja. Aliniona kimya, akaniuliza nani amekufa. Nilimwambia habari yote, ya tangi na ya bahasha. Alichuma majani mawili na chipukizi, akayatupa mgongoni kikapuni, akasema, "Na mna nyanya mzima hapa, mnahangaika. Lete hizo karatasi."

Alhamisi iliyofuata alikuja nazo zimekunjwa ndani ya kilemba. Mimi nilikuwa mstari wake. Mdogo wangu alikuwa mstari wa tatu kutoka kwetu, mgongo ametugeuzia, anachuma kwa bidii.

"Ya kwanza," nyanya alisoma. "Mjukuu, hii sentensi yako haina kichwa. Ina mikia mitatu. Ulitaka kuipeleka sokoni Mosocho wakucheke?"

"Ina kichwa, nyanya. Angalia mwanzo."

"Hicho ni kilemba. Kichwa kiko wapi?"

Kutoka mstari wa tatu sauti ilisema, "Nyanya, mwambie kishazi kikuu kiko mwishoni, baada ya mkato."

"Mjukuu mkubwa, umesikia?"

"Nimesikia."

"Hujasikia. Huyo alikuwa anaongea na mimi. Sasa nakuambia: kishazi kikuu kiko mwishoni, baada ya mkato, na wewe ulipita pale kama mlevi anayepita mlango wa kwake."

Nilicheka mpaka kikapu kikaniegemea shingoni. Na katika kucheka nikakiona kishazi hicho, kimekaa mwishoni, wazi kabisa, nikashangaa nilikipitaje. Nikasema, "Muulize, kwa nini basi sentensi ianze na vibanda kabla ya nyumba?"

"Mjukuu mdogo, anauliza kwa nini."

"Nyanya, mwambie ni kama mzee akianza habari. Hasemi lake kwanza. Anazunguka, anasalimia, ndipo anafika."

Hapo sikungoja nyanya arudie. Niliacha kuchuma. Nilisema sentensi tatu za namna hiyo palepale, moja baada ya nyingine, zote zikizunguka na kufika, na kutoka mstari wa tatu nilisikia mtu anacheka kwa sauti ndogo kwenye majani ya chai.

Tulifanya hivyo Alhamisi zote zilizobaki. Mdogo wangu aliandika karatasi, nyanya alinitukana kwa mujibu wa karatasi, mimi nilijitetea, na majibu yalipita kwake kwenda na kurudi ingawa sote tulisikiana vizuri. Wachumaji wengine walianza kugombania mistari ya karibu. Sikuwahi kujifunza hivyo maishani. Nilirudi kutoka shambani na vidole vyeusi kwa utomvu na kichwa kinawaka, nikachukua kalamu kabla sijanawa.

Mwalimu alitukuta huko siku moja. Alikuja kukagua, akasimama mwanzo wa mstari na sari yake ameikunja mkononi, akasikiliza. Kisha akamwuliza mdogo wangu kwa nini anaongea na kaka yake kupitia mtu mwingine, ilhali wako hatua tano. Nyanya ndiye aliyejibu, akaeleza yote kwa Kiingereza, ensoni na tata na kalamu nyekundu.

Nilitegemea atuone wajinga. Badala yake akasema nyumbani kwao mke wa kaka yake hajawahi kumjibu baba mkwe moja kwa moja. Mzee akitaka chumvi humwambia paka, na mke wa kaka humjibu paka.

"Nilidhani mmeniibia alama," alisema. "Nitabadilisha rejista. Kila mmoja nimpe jirani mwingine."

"Tafadhali, madam," nilisema, "uiache ilivyo. Wewe ongeza nyanya tu."

Akaongeza. Kuanzia Ijumaa hiyo daftari langu lilipita kwa watu wawili, na kurasa za daftari la pili zimejaa wino mwekundu kama uwanja wa kuchinjia kuku. Mwandiko wa maelezo ni wa mdogo wangu. Miduara ni ya nyanya, mikubwa kuliko ilivyohitajika. Mwisho wa muhula nilipata thelathini na moja juu ya hamsini, na jina langu likapelekwa.

Karatasi ya serikali ilikuwa ya muda wa saa tatu. Swali la mwisho lilikuwa sentensi ya mistari saba. Niliisoma, moyo ukinidunda kwa furaha zaidi ya hofu, nikaanza kufuta kibanda kimoja kimoja kichwani.

Tulingoja matokeo nyumbani. Orodha zilibandikwa mjini Kisii, ukutani pa ofisi ya elimu, na mdogo wangu, ambaye alikuwa Kenyenya akifundisha kwa muda, alisema angepita kuzisoma. Mchana wa siku hiyo nilikuwa kwenye chai yetu na dada zetu wawili. Niliwaona wanakuja kutoka barabarani, yeye na nyanya, ambaye alikuwa ameshuka naye garini Masimba. Nyanya alianza kupiga kelele akiwa bado langoni.

"Mjukuu, umetuaibisha tena."

Dada yetu mdogo aliweka kikapu chini.

Nyanya alifika, akanitazama, akamgeukia mdogo wangu. "Mimi leo sibebi maneno ya mtu. Nimechoka. Mwambie mwenyewe."

Mdogo wangu alisimama mwanzo wa mstari, kofia mkononi, macho kwenye udongo. Kisha akaanza, kwa Kiingereza, polepole. Alisema kwamba, ingawa si mahali pake kusema, na kwa kuwa yule aliyepaswa kusema amekataa, na kama yule aliyetulea tangu siku wazee walipotaka kutugawanya atamruhusu, basi, baada ya kuisoma orodha mara tatu kwa kidole ili asikosee mstari...

Dada zetu walikuwa wananiangalia wajue kinachosemwa. Niliinua mkono wanyamaze. Nilikuwa nafuta. Nilifuta mahali pake, nilifuta aliyekataa, nilifuta wazee, nilifuta orodha na kidole, nikangoja nyumba kubwa. Ilikuja mwishoni kabisa, baada ya mkato, naye akainua macho akaniangalia usoni, akitabasamu, alipoitamka. Ilikuwa na maneno mawili, na la kwanza lilikuwa wewe.